Mguu Mmoja wa Suruali

Dobi alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mkono wa kulia umejaa kuliko wa kushoto, kwa sababu miaka ishirini na saba alikuwa akisukuma pasi ya mkaa yenye uzito wa mtoto mchanga. Suruali aliyoinyoosha yeye ilisimama wima kama ina mtu ndani. Ndiyo maana waheshimiwa wenye pasi za umeme makwao walimletea yeye.

Asubuhi hiyo mezani palikuwa na suti ya afisa mazingira. Koti tayari, suruali mguu mmoja. Gari kubwa likasimama mlangoni, likaachwa linanguruma ili ubaridi wa ndani usipotee. Akashuka afisa mwenyewe na karatasi nyekundu mkononi.

"Mama, kuanzia leo hakuna biashara ya kutumia mkaa mtaa huu. Mnachafua hewa. Dunia inaungua."

"Uongo mtupu!" alidakia shemeji yake dobi, fundi wa kuchomelea mageti, kutoka karakana ya jirani. "Joto lilikuwepo tangu enzi za babu. Mnatafuta posho tu."

"Shemeji, hebu funga bakuli lako. Mafuriko yalipokisomba chumba changu cha bondeni si ulikuwepo, umekodoa macho?" Dobi akamgeukia afisa. "Mimi naamini, bwana. Ninachouliza, kwa nini zamu ya kupunguza ianze na mimi? Viwanda vya wakubwa wa dunia huko vinafuka usiku na mchana, na hilo dude lako linanguruma hapo. Debe langu moja la mkaa ndilo limekuuma?"

"Kila mtu abebe mzigo wake. Nunua pasi ya umeme."

"Umeme wenu huku unapita kama mgeni, hata hauketi. Haya, na wewe beba wako. Zima gari."

Afisa akatazama gari, akatazama saa. "Kuna joto, mama, na nina hotuba." Akaibandika karatasi ukutani, akailainisha kwa kiganja. Kisha akashusha sauti. "Malizia huo mguu, halafu ndiyo ufunge."

Mkono mmoja unampokonya riziki, wa pili umenyooshwa kupokea suruali! Na wala hakuona haya.

Dobi akafungua pasi, akayamimina makaa kwenye karai, akayamwagia ndoo nzima ya maji. Mvuke ukafuka hadi kwenye tai ya afisa.

"Sheria ni sheria, mheshimiwa. Nisikuvunjishe yako mwenyewe." Akamtupia koti na suruali begani.

"Nitakushughulikia!"

"Si umeshanishughulikia tayari?"

Gari likaondoka kwa hasira. Shemeji alicheka hadi akashika mbavu. "Umemweza, shemeji! Akahutubie na makunyanzi yake!"

Dobi hakucheka. Karatasi ilikuwa bado ukutani, na kapuni nguo za watu kumi na wawili zilikuwa zikimsubiri. Akabeba karai hadi uani, akatandaza mkaa juu ya bati, kipande kimoja kimoja. Jua lilichoma kuliko miaka yote aliyoikumbuka. Mkaa ungekauka kabla hotuba haijaisha.