Kilo kumi zilizoshindwa na tisa

Juzi, katika kituo kimoja cha afya hapa Kimanga, karani alimwambia mama mmoja, macho yake kwenye kompyuta: "Mama, mwezi uliopita mutoto alikuwa kilo tisa. Leo iko kumi. Mashini inasema uzito umeshuka."

Mama akamwinua mtoto, mashavu kama maandazi. "Huyu ndiye amekonda? Umubebe weye kwa miguu mpaka kule mbali Makobola!"

Benchi nzima tukacheka. Mama mwenyewe hakucheka: mama mkwe wake alishaapa kwamba mtoto akikonda tena, atamchukua amlee mwenyewe.

Muuguzi mkuu akaja kuchungulia kompyuta, akamuuliza karani: "Uliandika 'kg' nyuma ya namba?"

"Ndiyo. Ku masomo, namba bila 'kg' mwalimu alitupatia zero."

Kumbe, ili zile herufi zikubaliwe, kisanduku cha uzito kilikuwa kimewekwa kuwa cha maneno. Basi mashine ikapanga kilo kama kamusi inavyopanga maneno: ikaona 10 inaanza na 1, ikaiweka kabla ya 9, kana kwamba ni ndogo. Walipofuta "kg" na kukifanya kisanduku kuwa cha namba, jibu likageuka: umepanda.

Benchi nzima tunajua kuhesabu, na hakuna aliyesema kwamba kumi inapita tisa. Mashine ikishasema, tunageuka watazamaji.

Mama akampigia mama mkwe, akamshikisha karani simu. "Mueleze."

"Mama, mashini ilikosea..."

"Hapana," mama akamkatiza. "Anza na kosa yako weye."