Biskuti na Vitendawili

Nusura biskuti zangu ziue mchezo wa vitendawili hapa nyumbani, Tangini, Kibaha.

Mjukuu wangu Rehema, wa darasa la tatu, alikuwa akinifuata hadi mlango wa bafu: "Babu, kitendawili!" Aliyeshindwa alimpa mwenzake mji, kama ilivyo desturi. Basi.

Mwezi uliopita nilianza kumpa biskuti kwa kila jibu sahihi. Nilidhani namtia bidii.

Leo nimemwita. "Kitendawili!"

Hakujibu "Tega." Aliuliza, "Biskuti zipo?"

Nikamwambia leo tunacheza bila biskuti.

"Basi nimechoka, Babu."

Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na kosa hili nimelifanya mimi.

Dada yangu Mwanaidi, aliyekuja asubuhi kutoka Msimbu, aliweka kikombe chini. "Achana na huyo babu yako aliyegeuka mwenye duka. Rehema, kitendawili!"

"Tega. Nikipata utanipa nini, Bibi?"

"Nikupe nini, mimi mkulima? Ila ukishindwa, nachukua mji wako."

Mtoto alisogea. Alishindwa, akatoa Kisarawe, akadai kingine. Walitegeana nusu saa nzima, na hakuna aliyetaja biskuti.

Kisha alinigeukia. "Babu, kitendawili!"

"Tega."

"Chai yote ya nyumba hii hupita kwake, naye hashibi."

Nilishindwa. Nikamwambia iko pakiti moja kabatini.

"Sitaki. Nipe mji!"

Nikampa Kibaha yote, pamoja na nyumba hii.

Jibu lilikuwa chujio. Lilikuwa mezani, mbele yangu.

Wenzangu wenye wajukuu, ninyi mnawapa nini?