Barua za Onyo Chini ya Mikarafuu

Nichekeni tu, hata mimi najicheka. Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda cha mafuta ya karafuu, Mtambile. Mkurugenzi wetu, Mzee Faki, alinitaka nioanishe kazi za watu na mkakati wa kampuni, nami nikaanza na utoro. Jumatatu nikakuta ofisi tupu. Mlinzi akanambia karafuu zimeiva, wote wako shambani.

Nikachapa barua za onyo, nikawafuata na tai yangu shingoni.

"Wewe uliye juu kabisa ya mkarafuu, shuka upokee barua yako," nikafoka.

Akashuka taratibu na pakacha lake. Mzee Faki.

"Mwanangu, kiwanda chetu chauza nini?"

"Mafuta ya karafuu, mzee."

"Basi leo mtoro nani?"