Neno Alilonipa kwa Kiingereza

Watu wakikibeza Kiingereza cha vitabu vya watoto, mimi nanyamaza, maana kuna wakati nilikipenda kuliko chakula. Nilikipata kwa rafiki yangu, binti wa karani wa ushirika wa kahawa, ambaye familia yake ilihamishiwa Mbinga kutoka Tanga. Kwao kulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, kimeshatoka jalada, cha watoto waliopita chini ya maporomoko ya maji wakatokea nchi ambayo fisi maji anasema na malkia ni bundi.

Hadithi yenyewe tuliielewa nusunusu. Kilichotuteka ni mazungumzo yao, jinsi maneno yalivyotembea mawilimawili bila kuachana. Sisi tuna giza totoro. Giza lao lilikuwa la lami, na lami yenyewe Mbinga hatukuwa nayo. Sisi tunalala fofofo. Wao walilala kwa kasi, sijui walikuwa wanawahi wapi. Mvua yao ilikuwa nzito, na kimya chao kilikuwa kimekufa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, halafu tukayameza yote kama yalivyo.

Jumamosi alikuja shambani kwetu Mbuji. Baba alikuwa ameshafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, na kazi ya mama na mimi ilikuwa kuzifukia kwa udongo tukiacha shimo katikati ya kila mraba, ndiyo ngolo yenyewe. Jembe lilimshinda rafiki yangu, kwa hiyo aliingia shimoni akawa malkia bundi. Yeye anatupa neno moja, mimi kwenye tuta langu namrudishia mwenzake. Mama, ambaye Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji, alituuliza kwa Kimatengo kama siku hizi tunapanda maneno badala ya maharage.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na magari yao, na ushirika ukaanza kuyumba. Makarani wakawa wanapunguzwa kazini. Nje ya kanisa niliwasikia akina mama wakisema kwamba baba wa rafiki yangu naye hana muda, watarudi kwao. Niliogopa kweli. Sikuwa na rafiki mwingine, wala sikumtaka.

Kitabuni, mtu akitaka uhakika humwambia mwenzake ampe neno lake, yaani amwahidi. Hakuna aliyelitoa kisha akalivunja, hata yule fisi maji mwongo. Nami nikaamini kwamba Kiingereza chenyewe ndicho kinachomfunga mtu. Jumamosi iliyofuata nilimsimamisha shimoni, nikamwambia kwa Kiingereza anipe neno lake kwamba hataondoka. Akajibu kwa sauti ya malkia kwamba ananipa. Nilirudi kufukia nyasi huku naimba. Tangu hapo, kila aliyesema wale watu wanafunga mizigo nilimwona hajui kitu.

Siku moja nililikuta lori mlangoni kwao. Mama alikuwa amenituma na kifurushi cha usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliowaleta shangazi kutoka Lundo, wawe kitoweo cha njiani. Nilimwamkia mama wa rafiki yangu, akaitikia marahaba huku anafunga godoro kwa kamba. Rafiki yangu alikuwa ameshakaa juu ya magunia, ananitazama. Nikamuuliza mbona alinipa neno lake.

"Nilikuwa najua tunaondoka," alisema. "Baba alishatuambia. Ndiyo maana nilikujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nisingeweza kukudanganya."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimrushia kile kifurushi, akakidaka, na lori likashika barabara ya Songea. Nimekuwa nikimkumbuka tangu siku ile.