Nguo Nilizomwekea Yaya

Kwetu Bunia dada mkubwa huitwa yaya, na mimi nilikuwa naye mmoja tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na akivaa manjano watu wa pikipiki walipunguza mwendo. Aliuza nguo za balo sokoni, zile kuukuu zinazofika zimebanwa na waya. Jumamosi, nisipokuwa na shule, nilikaa naye kwenye turubai nikikunja na kupanga.

Hakuwapigia wateja makelele kama wenzake. Akimwona mama anapita na kikapu cha sombe, majani ya muhogo, alimtazama kwanza, kisha akachomoa kitu kimoja tu kwenye rundo.

"Mama, shika hii. Kamata tu, usivae."

Yule mama alisema ana haraka, lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitambaa.

Siku moja nikamwuliza, "Yaya, unajuaka namna gani?"

"Ninaangalia mutu kwanza," akasema. "Nguo naangalia nyuma."

Mimi nilidhani ni mzaha.

Tulilala chumba kimoja nyumbani kwetu, mtaa wa Bigo. Siku ya mtihani wangu wa mwisho wa sekondari alinifunga mkanda, akanirudisha nyuma hatua mbili, akasema, "Sasa unaweza kukosa na bado batakukumbuka." Nilicheka hadi nikafika darasani bila hofu.

Kisha akaolewa na mtu mpole aliyefanya biashara ya samaki na vitenge ng'ambo ya ziwa, nchi jirani. Waliondoka kupitia Mahagi-Port, bandari ya ziwani. Barabara ikaharibika, mara kwa mvua, mara kwa watu wenye silaha, na safari niliyodhani ni ya siku mbili ikageuka kuwa ya miaka. Alipiga simu kila Jumapili. Baadaye mara moja kwa mwezi. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto ambao sijawaona wakiongea lugha nisiyoijua vizuri.

Turubai likabaki kwangu. Kila nilipofungua balo, kabla ya kupanga chochote, nilitafuta nguo yake. Gauni la manjano lenye kiuno chembamba. Blauzi ya shingo wazi. Niliziosha, nikazipiga pasi, nikazitia kwenye gunia safi chini ya kitanda. Mama yetu aliliona gunia likinenepa, akafagia kulizunguka.

Kazi ninayofanya leo ilianza na bibi harusi mmoja aliyeniomba nimchagulie nguo ya kwenda kuwasalimia wakwe. Akapendeza, dada yake akanitafuta, kisha rafiki ya dada yake. Nikaanza kwenda majumbani, kufungua makabati ya watu na kuwaambia kipi kibaki na kipi kiondoke. Usiku nilitazama masomo ya mavazi kwenye simu. Nilijifunza kuweka vipande vya kitambaa chini ya kidevu cha mtu karibu na dirisha na kuona uso unaamka au unalala. Shangazi yangu alishangaa: "Batu bazima banakuita ili ubaambie bavae nini? Hawana kioo?" Nilimwambia kioo hakisemi. Alitikisa kichwa, lakini Jumapili iliyofuata alinipitia kabla ya kanisa.

Nilijiona nimefaulu. Ndipo akaja direktrisi.

Alikuwa mwalimu, mjane, mfupi, mweusi sana, mwenye mabega mapana. Ndiyo kwanza walikuwa wamempa shule nzima ya msingi aiongoze, na wiki ile ile angesimama mbele ya wazazi kwa mara ya kwanza. Nilimtolea gauni la manjano ya haradali, lenye kiuno, na hereni ndefu. Alivaa, akajitazama kwenye kioo changu kwa muda mrefu, akageuka.

"Mutoto yangu, hii nguo ni muzuri sana."

"Aksanti, mama."

"Lakini si yangu. Weye uko navalisha nani?"

Nilijishughulisha na hereni zake. Alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtoto aliyekwama kwenye kusoma. Kisha akaketi kitandani kwangu na gauni lile lile, akangoja. Nikamwambia kuhusu yaya. Nilisema maneno machache, lakini nilipomaliza nilikuwa nimelia.

"Njo maana," akasema. "Nilijisikia kama nimeingia mu nyumba ya mutu mwingine."

Alipoondoka nilifungua picha za wateja kwenye simu. Bibi harusi, karani wa ofisi, muuguzi, mke wa mchungaji: kila mmoja na hereni ndefu, kila mmoja na manjano mahali fulani, shingo wazi. Walikuwa wamependeza, sikatai. Lakini nilikuwa nimewapitisha wote kwenye mwili wa mtu mmoja.

Kesho yake nilimfuata direktrisi shuleni bila nguo yoyote mkononi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikamtazama akifundisha. Aliinama mara nyingi kwa wadogo. Chaki aliiweka kwenye mkoba, akaitafuta, akaikosa. Nilipomwuliza anataka watu waone nini, alifikiri.

"Batoto ba nyuma baone kama nimefika," akasema. "Na nipate pa kuweka chaki."

Tulishona gauni la kikwembe, kitenge cha kijani kizito chenye majani meupe, na mikono mipana, mifuko miwili ya kina. Siku ya wazazi nilisimama mlangoni. Alipoingia, watu hadi benchi la nyuma walimgeukia kabla hajasema lolote. Sikujivunia kama nilivyozoea. Niliona tu kwamba ni yeye.

Miezi michache baadaye yaya alipiga simu. Mume wake alikuwa na shehena ya kupokea, naye angevuka pamoja naye na kushinda siku moja Mahagi-Port. "Kuya tuonane," akasema. "Barabara inapitika kwa sasa."

Nilikwenda na gunia. Siku mbili njiani nilikuwa nimelikumbatia kama mgonjwa.

Kwenye ufuko, kati ya vichanja vya samaki waliokaushwa, mwanamke mnene mwenye nywele fupi alikuja akinyoosha mikono. Nilimpisha apite. Aliniita kwa jina la utotoni, ndipo nikageuka.

Tuliketi kibandani tukala samaki kwa ugali. Nikafungua gunia. Alitoa gauni moja baada ya jingine, akaweka moja kifuani, upana wa gauni ukaishia katikati ya mwili wake. Akacheka sana. Halafu akaacha kucheka.

"Miaka yote uliniweka mule?"

"Nilikuwa nakungoja, yaya."

"Nilizaa tatu. Niliugua, nikapona. Huyu wa mu gunia hajui kitu ya ile." Alikunja gauni vizuri, kwa mikono ile ile ya sokoni. "Uzisha hizi. Bamama bavae."

Tulikuwa na saa chache tu. Nilimtazama, kwa mara ya kwanza bila haraka: alama za kuungua jikoni kwenye mkono, namna anavyokaa amepanua magoti kama mtu aliyezoea kubeba mtoto, jicho moja linalochoka kabla ya jingine. Kwenye duka dogo la bandarini nilimnunulia kikwembe cha rangi ya divai, nikamfunga mwenyewe. Uso wake ukaamka. Mume wake, akiwa amesimama kando ya mtumbwi wa mota, alisema, "Ah!"

Waliondoka kabla ya jua kuzama. Alipunga mkono mmoja, mwingine ameshika kikwembe kisilowane.

Nguo za gunia niliziuza zote, na ziliwakaa vizuri waliozichukua. Nilifikiri nikimwona yaya hamu itapungua, lakini haikupungua. Zamani nilimkumbuka msichana niliyemjua kila kidole. Sasa hamu ni ya mwanamke niliyekaa naye mchana mmoja, ambaye sijui anapika nini akirudi amechoka, wala kama anaimba au haimbi anapofua. Wakati mwingine katikati ya kazi, kitambaa kikiwa chini ya kidevu cha mtu, namtumia yaya ujumbe wa sauti na kumwuliza jambo dogo kama hilo. Anajibu anapopata muda. Juzi alisema huwa anaimba, lakini watoto wakiwa shuleni tu.