Yai lenye mukaba

Miaka ile Katanga ilipokuwa inajiita inchi yake yenyewe, vijana wote wa mtaa wa Kamalondo tulishikwa na homa ya Kiingereza. Askari wa kigeni wa kofia za buluu, waliokuja kulinda amani, walitafuta watu wa kuwatafsiria maneno, na Kifaransa chetu kwao kilikuwa kelele ya bata. Nikaingia masomo ya saa za mangaribi. Mwalimu wetu alikuwa amefanya kazi Ndola, kwa Waingereza, na alichora ubaoni alama ambazo hata shetani angezikimbia: e iliyopinduka miguu juu, fimbo iliyopinda ncha zote mbili, na yai lenye mukaba kama mushipi katikati.

"Herufi za Waingereza zinadanganya," alisema. "Hizi hazidanganyi. Kila alama, sauti moja."

Yai ndilo lilinitesa. Lilitaka ncha ya ulimi itoke kati ya meno, halafu upulize. Nilipuliza mpaka mishumaa ya mtaa mzima ikazimika.

Basi, jioni moja nilikuwa uani, ndani ya lupango yetu, kioo kidogo mukononi, ulimi inje, napuliza. Nikageuka. Aliyesimama pale mulangoni alikuwa mama buko, mama ya binti niliyemuposa!

Kwetu mama buko haangaliwi usoni, hata kula mbele yake ni haya. Mimi nimemutolea ulimi! Alifunika uso kwa kikwembe chake, akarudi zake.

Na alikuwa amekuja kwa jambo kubwa. Watu wa Kasai kama yeye walikuwa wakifukuzwa manyumbani, wanakimbilia kambini kungojea treni ya kuwarudisha kwao. Sisi wa huku hatukuguswa. Alitaka kuona kama binti yake anaweza kubaki nami, ama aende naye. Sasa nimemujibu kwa ulimi. Nilikonda mpaka suruali ikatafuta mwenyewe.

Kesho yake nikabeba kuku mweupe wa kuomba musamaha, nikamukokota na mwalimu mpaka kwa mama buko, anisemee. Nilikaa kumupa mama buko mugongo, yeye naye akanipa wake.

"Mwalimu," akasema, "uulize huyu mukwe: mi nilimukosea nini?"

"Hapana, mama. Hii alama njo inamutuma." Mwalimu akachora yai kwenye vumbi. "Inasema: toa lulimi, puliza."

"Kumbe hii yai iko na mudomo?"

"Iko nayo. Na kama haifwate, hapate kazi. Mutoto yako atakula nini?"

"Na Baingereza benyewe, banatoa lulimi vile?"

"Bote, mama. Ata mukubwa wabo."

"Mbele ya mama buko?"

"Mbele yake kabisa."

"Maskini ya Mungu!" Nikasikia anacheka. Halafu kikwembe kikachakacha, akajifunika kichwa kizima, na humo ndani ikatoka sauti ya yai, safi, kali, kuliko darasa letu lote pamoja na mwalimu. Naapa.

Kikwembe kikachakacha tena, kikashuka.

"Ile kitu iko mwepesi," akasema polepole. "Mwalimu, umwambie: mutoto atabaki. Asinifiche njaa yake, asinifiche magonjwa yake. Nikiwa mbali, sitasikia kama hatumi habari."

Padri alitufungisha ndoa haraka, na kamio, lori ya kambini, ikaja kumuchukua mama buko. Tulimusindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa ninaangalia chini, kama heshima inavyotaka, na moteri ilinguruma kama simba kumi. Bibi yangu ndiye aliyeniambia kwamba mama yake alikuwa analia.