Pazia Lilipasuka, Mama Akabaki Nyuma

Kanisani kwetu Kawajense, hapo Mpanda, kulikuwa na benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ambalo sisi watoto tuliliita benchi la mahabusu. Walikaa hapo waliotengwa: binti aliyepata mimba nyumbani kwao, baba mmoja aliyeacha pombe na kuirudia kila mwaka, na mama yangu. Kosa la mama lilikuwa baba. Mama alibatizwa akiwa mchanga, akakuzwa kwa nyimbo na sala, halafu akaolewa mke wa pili na Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia Magamba kutoka kaskazini. Tangu siku hiyo kanisa likamfungia Meza ya Bwana. Kuimba aliruhusiwa. Kutoa sadaka, tena sana. Ila mkate na kikombe vilipoanza kugawiwa, yeye alibaki amekaa anaangalia migongo ya wenzake.

Jambo hilo lilinikera tangu meno yangu ya utotoni hayajang'oka, kwa sababu ya mambo ya Jumamosi. Sakafu ya kanisa ilikuwa ya udongo. Ili isitoe vumbi ilipakwa kinyesi cha ng'ombe kilichopondwa na udongo, na kazi hiyo walipewa haohao wa benchi la nyuma, eti wajifunze unyenyekevu. Mama alizoa kinyesi kwenye zizi la baba, akakibeba kwa ndoo kichwani kutoka Magamba, akapiga magoti na kupaka kuanzia mlangoni hadi chini ya meza yenyewe. Hapo hakuna aliyemwambia rudi nyuma. Jamani! Kinyesi cha ng'ombe wa baba kilifika mezani kwa Bwana, mama hakufika. Siku moja nilimwuliza inakuwaje. Akanichapa kibao kwa mkono uleule wa kazi.

"Nyie watoto mna midomo," akasema. "Kanisa la Mungu halihojiwi."

Akaendelea kupaka.

Katikati ya miaka ya tisini akaanza kukohoa. Alipewa dawa, akazinywa, akazidi kukonda hadi kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kufa hajala mezani. Jambo hilo alilala nalo, akaamka nalo, akalisema hata akiwa anachambua mchele. "Mimi nife hivihivi, kama mbuzi?" alikuwa anauliza.

Basi Ijumaa Kuu moja mchungaji akahubiri habari za pazia. Alikuwa anajua kuhubiri yule mtu, hilo simnyimi. Alisema katika hekalu la Wayahudi kulikuwa na chumba cha ndani kabisa, na mbele yake pazia zito, na nyuma ya pazia hakuingia mtu isipokuwa kuhani mkuu, naye mara moja kwa mwaka, tena kwa damu. Akasema Yesu alipokata roho msalabani pazia lile lilichanika kuanzia juu kuja chini. Kwa nini kuanzia juu? Ili mwanadamu yeyote asije akajisifu kwamba ni mkono wake. Mungu amelichana mwenyewe, amechoka kukaa peke yake kule ndani, anataka watu wake. "Hakuna ukuta tena!" akapiga kelele mpaka bati likaitikia. "Hakuna kizuizi! Mlango uko wazi, mwenye kuja na aje!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwangalia mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati.

Ibada ilipokwisha alimsubiri mchungaji nje, mimi nimeshika kanga yake.

"Mchungaji, samahani. Kama pazia limepasuka, mbona mimi bado niko nyuma?"

Mchungaji alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu mbaya ungemtukana ukamaliza.

"Mama, kwa Mungu limepasuka," akasema. "Lakini kanisa lina utaratibu wake."

Utaratibu akaueleza palepale, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama aachane na baba. Arudi kwa ndugu zake. Akae kwa matazamio, mwenendo wake ukiangaliwa, hadi wazee wa kanisa waridhike, na katika muda huo asionekane na mtu yeyote wa boma la baba.

"Na mtoto?" mama akauliza. Mtoto alikuwa mimi, sikuwa na ndugu wa tumbo moja.

"Mtoto ni wa boma, mama. Ukionekana naye, watu watasema bado uko kulekule."

Na kwa desturi ya kwetu ilikuwa hivyohivyo: aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Kanisa na ng'ombe, ambao siku zote hawaelewani, kwangu mimi walielewana vizuri sana.

Mama aliondoka asubuhi nikiwa kisimani. Hakuniaga. Niliporudi na ndoo nikakuta ngozi ya kitanda chake imekunjwa, na mke mkubwa wa baba, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa, amesimama mlangoni.

"Mama yako amemfuata Mungu wake," akasema. "Chukua sufuria ukaoshe."

Mama mkubwa hakuwa amebatizwa na hakuwa na mpango huo. Mdomo wake ulikuwa shoka. Yeye na mama walishamwagiana mboga, walishavutana nywele, walishapitisha kiangazi kizima hawasemeshani. Hakunibembeleza hata siku moja. Alinichapa kama alivyowachapa wa kwake, akanilisha kama alivyowalisha wa kwake, na nilipolia usingizini, alinipiga teke nigeuke upande.

Nilitoroka nikaenda kwa mjomba, Kawajense, kumwona mama. Akatoka, akasimama upande wake wa ua wa michongoma, akaangalia barabara kwanza huku na huku kabla hajaniangalia mimi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Rudi. Unataka wanione? Unataka nianze upya?"

"Mama, nishike tu."

"Rudi nyumbani, mwanangu. Nikishapokea Meza nitakuita."

Hakunishika hata kidole. Nikarudi Magamba nikimtukana Mungu njia nzima kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili niliogopa angeelewa. Nilimchukia Mungu. Kwa nini nifiche? Wengine mama zao walichukuliwa na maradhi au na wanaume. Wangu alichukuliwa na Mungu, na Mungu huendi kumdai kwa balozi wa nyumba kumi.

Leo ni mtu mzima, nasali, na mezani naenda. Siku hizi naamini lile pazia lilipasuka kweli, na naamini aliyelipasua hakuandika barua kuomba ruhusa kwa wazee wa kanisa. Hasira yangu inatoka hapohapo. Kama lingekuwa bado linaning'inia ningesema sawa, Mungu hataki watu, mama alijisumbua bure. Lakini mlango ulikuwa wazi, na aliyekuja kuufungua alilipa kwa damu yake, halafu watu wakaja wakasimama katikati ya mlango na kuuita mlango wao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wao walikuwa wanakula kila mwezi.

Mavuno ya mahindi yalipofika ikaja habari kwamba mama amezidiwa. Baba alitikisa kichwa tu, akasema aliyeondoka ameondoka. Mama mkubwa alijifunga kanga, akajaza kibuyu maziwa, akanivuta mkono. "Twende," akasema, na kutoka Magamba hadi Kawajense hakuongeza neno, yeye ambaye hata kuku alikuwa anawasemesha.

Tulimkuta mama peke yake. Mjomba na mkewe walikuwa shambani. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amejichafua, na nzi wamemjaa. Mama mkubwa akateka maji, akamgeuza, akaanza kumwosha huku akitukana kila mtu aliyemjua Mpanda nzima.

"Ondokeni," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kutafutwa kwa sikio. "Mchungaji anakuja sasa hivi. Ananiletea Meza. Amekubali kabla ya muda, kwa sababu ya ugonjwa. Mke mwenzangu, nakuomba, asiwakute."

"Niondoke wapi? Nikuache hivi, unanuka, ndiyo umpokee huyo Bwana wako?"

Mama akaanza kulia. "Basi mtoto. Angalau mtoto. Mfiche."

Nikafichwa. Nyuma ya nyumba, kwenye jiko la nyasi, nikakaa juu ya kinu na kusikiliza kupitia dirishani. Baiskeli ikaja, ikaegeshwa. Mchungaji akaingia na mkoba wake mdogo wa kikombe.

"Bwana asifiwe. Na huyu mama ni nani?"

Angeweza kusema jirani. Angeweza kusema shangazi. Lakini mama mkubwa uongo ulimshinda tangu kuzaliwa.

"Mke mwenzake," akasema. "Shika huo mguu, nimalizie huku chini."

Nikasikia mkoba haufunguliwi.

"Mama," mchungaji akasema, "tulikubaliana."

"Mchungaji, nimemwacha mtoto wangu. Nimemwacha kwa ajili ya hicho kikombe."

"Najua, mama. Lakini wazee wakisikia nimempa mtu ambaye boma liko naye chumbani, nitasema nini? Acha niongee nao. Jumapili nitakuja."

"Jumapili mimi sipo."

"Tumwamini Mungu. Tuombe."

Akaomba. Aliomba vizuri sana, akamshukuru Mungu aliyeondoa kila kizuizi. Alipomaliza akachukua mkoba wake akatoka, na mama mkubwa akamfuata hadi barabarani, mikono inachuruzika maji machafu.

"Wewe! Huyo Mungu wako ana mlango au ana askari? Mwenzio anakufa! Ungepungukiwa nini? Kakipande ka mkate!"

Baiskeli haikugeuka. Nilitoka jikoni nikaingia ndani. Mama alikuwa amelazwa chali, msafi, ananukia sabuni ya kufulia. Aligeuza macho akaniona nimesimama mlangoni.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka."

Akaufungua mkono wake juu ya mkeka, kiganja juu. Nikapiga hatua. Nilikuwa nimeshachuchumaa pale alipoukunja tena.

"Kaangalie," akasema. "Labda amesahau kitu, anarudi."

"Mama, hayupo."

"Kaangalie, mwanangu. Ukihakikisha ndiyo uje."

Nikakimbia hadi barabarani. Mama mkubwa alikuwa bado anapiga kelele. Mbali kabisa, upande wa mjini, vumbi la baiskeli lilikuwa linatua. Nilingoja mpaka sikuona kitu, ili niwe na hakika, kisha nikarudi mbio.

"Hayupo, mama. Ameondoka kabisa."

Macho yake yalikuwa wazi, yanaangalia mlango. Mama mkubwa aliingia nyuma yangu, akamtazama, akapiga magoti taratibu kama mtu aliyeumwa mgongo ghafla. Akamfumba macho kwa vidole viwili. Kisha akanivuta, akaukunjua ule mkono.

"Haya," akasema. "Mshike sasa."

Nikamshika. Mkono ulikuwa bado una joto.